Tungojane Mezani

Mtu akipita katika vichochoro vya Kasuku saa za jioni, jua linapozama nyuma ya mji na maji ya Lualaba yanapogeuka kuwa meusi, hapati shida kujua ni nyumba ipi yenye chakula. Moshi wa mbabula utamwambia, na harufu ya sombe iliyotiwa mafuta ya mawese itamthibitishia. Lakini akitaka kujua ni nyumba ipi ambayo watu wake watakula pamoja, moshi hautamwambia neno. Chungu ni kimoja, ila saa za kula ni nyingi. Mtoto mdogo hula kwanza kwa sababu analia. Kijana hula akirudi, naye hurudi usiku. Baba hukuta sahani imefunikwa, akala peke yake huku akitazama simu. Mama hula mwisho, tena amesimama, na chakula chake ni kile kilichobaki.

Twataka leo kuzungumza nanyi juu ya jambo hili la kula pamoja nyumbani. Labda wengine watasema: “Nchi yetu ina mambo makubwa zaidi: vita, mishahara, barabara, magonjwa. Mbona mwatuletea habari za sahani?” Twawajibu hivi: mambo hayo makubwa yote huingia nyumbani kwetu kupitia mlango wa jikoni. Mshahara usipolipwa, sahani ndiyo hujua kwanza. Barabara ikiharibika, chumvi hupanda bei. Na jamaa ikianza kutawanyika, hutawanyika mezani kabla ya kutawanyika mahali pengine popote.

Wazee wetu walikulaje?

Watu wanaolalamika juu ya siku hizi hupenda kusema kwamba zamani baba, mama na watoto walikula pamoja kwa amani. Yafaa tuseme kweli: kwa wengi sivyo ilivyokuwa. Katika vijiji vya babu zetu huku Maniema, wanaume walikula barazani, chini ya paa lile lisilo na kuta. Kila mke alipika jikoni mwake, kisha akapeleka chakula barazani, na vyakula vya nyumba nyingi vikawekwa mahali pamoja. Wazee walianza, vijana wakafuata. Mama alikula jikoni pamoja na binti zake na watoto wadogo. Tena katika nyumba nyingi palikuwa na miiko: kuku, mayai na nyama fulani havikuwa vya wanawake. Bibi yetu mzaa mama alitusimulia kwamba alikuwa amekwisha kuzaa watoto watatu kabla ya kuonja yai, na siku alipolionja alifukia maganda yake katika majivu asije akaonekana.

Basi, tusiwacheke wazee wetu, wala tusiwasifu kupita kiasi. Desturi yao ilikuwa na kasoro, kwa maana mwenye kupika hakuketi pamoja na aliowapikia. Lakini ilikuwa na mema matatu ambayo twayakosa leo.

La kwanza, hakuna aliyekula peke yake. Mtu aliyejificha na chakula chake alitiliwa mashaka kama mwizi au mchawi. La pili, yatima, mjane na mgeni walipata nafasi bila kuomba. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone, na hayo hayakuwa maneno matupu, kwani siku aliyofika mgeni hata mtoto wa nyumba alionja kipande kizuri. La tatu, umaskini wa mtu ulifichwa. Sahani ya aliyekosa windo ilifika barazani pamoja na sahani ya aliyepata, mikono ikaingia huku na huku, na hakuna aliyehesabu nani ameleta nini. Twawaomba mlikumbuke neno hili la tatu, maana tutalirudia.

Chakula chenyewe nacho hakikusimama mahali pamoja. Muhogo asili yake ni Amerika. Mchele, ambao leo twauona kama urithi wetu, uliletwa Maniema katika karne ya 19 na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani ya mashariki wakakaa Nyangwe na Kasongo. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, wakafanya na biashara ya watumwa, na uchungu ule hatuusahau. Hata hivyo wali tunaokula na lugha tunayoandika vilipita njia ileile. Hivyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mabadiliko ya chakula yameanza jana. Neno la kuuliza ni hili: kila mara chakula kilipobadilika, watu waliokizunguka walipata nini, na walipoteza nini?

Reli, misioni na meza mpya

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya CFL, na mji wetu wa Kindu ukawa mahali ambapo meli zitokazo Ubundu hukutana na treni. Mwaka 1910 reli kutoka Kindu ilifika Kongolo, mwendo wa kilomita 355 hivi. Pamoja na reli ilikuja saa. Babu zetu walikula wawindaji na wanawake wa shambani waliporudi. Mfanyakazi wa reli alikula kengele ilipolia. Alipokea mshahara, na mara nyingi posho, kwa ajili yake na mkewe na watoto wake, wala si kwa ajili ya ukoo mzima. Alipewa nyumba kambini, nyumba yenye vyumba vidogo na mlango mmoja. Mbele ya nyumba ile hapakuwa na baraza la kijiji. Basi mwanamume yule, jioni akiisha kuoga, angekwenda kula wapi? Aliketi mlangoni pake, na kwa mara ya kwanza alikula mbele ya mkewe.

Wakati uleule misioni ilikuwa ikifundisha jambo linalofanana na hilo. Makatekista walihimizwa kusali na kula pamoja na wake zao na watoto wao, ili nyumba zao ziwe mfano. Masista waliwafundisha wasichana kupika, kushona na kuandaa meza. Sala kabla ya chakula ilifanya jambo ambalo amri haikuweza kufanya: ilimlazimu baba kungoja mpaka mama aketi, kwa kuwa haiwezekani kusali pamoja na mtu aliye jikoni. Wengi waliacha miiko ya yai na kuku kwa njia hiyo, pasipo ugomvi. Kanisa lilikua, Kindu ikawa vikariati ya kitume mwaka 1956 na jimbo mwaka 1959, na kwa muda huo wote meza ya nyumbani ilikua nalo.

Wazee wa parokia hukumbuka pia mfungo wa Ekaristi. Zamani mwenye kutaka kukomunika hakula wala kunywa chochote tangu usiku wa manane, hata maji. Watu walitembea saa nyingi kuja Misa wakiwa na njaa. Mwaka 1953 Papa Pius wa XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 mfungo ukawa wa saa tatu. Na mwaka 1964 Papa Paulo wa VI akaufanya wa saa moja. Twashukuru kwa huruma hiyo ya Kanisa. Lakini sikilizeni wanavyosimulia wazee: baada ya Misa ya dominika chakula kilikuwa sikukuu, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imefunga pamoja, na nyumba nzima ilifungua pamoja. Njaa yao ilikuwa moja, na shibe yao ilikuwa moja.

Sasa twaweza kuuliza: ile meza ya baba, mama na watoto tunayoililia ina umri gani? Katika jamaa nyingi za Kasuku haina zaidi ya vizazi vitatu au vinne. Haikutoka kwa mababu wa kale. Ilitengenezwa na watu tunaojua majina yao: mfanyakazi wa reli, katekista, mwalimu wa shule ya kijiji, na wake zao. Walikuwa na mishahara midogo na nyumba finyu, nao waliitengeneza. Hilo latupa moyo. Kitu kilichotengenezwa na babu kwa mikono yake, mjukuu aweza kukitengeneza tena kikivunjika.

Miaka ya vita

Mwezi wa Oktoba 1998 Kindu iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, na kwa muda mrefu mji ulikuwa kama kisiwa. Treni haikuja. Wenye mashamba ng'ambo au mbali na mji waliogopa kwenda, kwa kuwa huko porini mapigano yaliendelea kati ya askari na Mai-Mai. Sisi tulikuwa watoto. Twakumbuka majani ya muhogo yaliyopikwa bila mafuta, na mafuta yalipopatikana hapakuwa na chumvi. Bibi alijua ufundi wa kale wa kuchoma majani ya mtoni, kupitisha maji katika majivu yake na kuyachemsha mpaka ibaki chumvi nyeusi yenye uchungu. Aliitia kwa ncha ya kidole, akitutazama mmoja mmoja.

Jambo moja latushangaza mpaka leo. Katika miaka ile ya ufukara mkubwa, tulikula pamoja kuliko wakati wowote. Palikuwa na sahani moja kubwa ya bati, nasi tuliizunguka, watoto wa nyumba na watoto wa jirani ambaye mumewe hakurudi. Mama aligawa samaki mmoja mdogo kwa vidole vyake, na hapakuwa na mtoto aliyenyosha mkono kabla ya sala kwisha. Usiku ulipoingia hatukutoka nje, kwa hofu. Kwa hiyo baada ya kula tulibaki pale pale, na hapo ndipo tulipojifunza majina ya ukoo wetu, hadithi za sungura na chui, na siri za baraka.

Hatusemi kwamba vita ni kitu chema. La, hasha! Tuliwazika watoto wa umri wetu. Twasema tu kwamba vita vilitufundisha kuwa uchache wa chakula pekee yake hauwezi kuivunja meza. Kuna kitu kingine kinachoivunja.

Kiti cha baba

Sisi tunaofundisha tuna njia moja ya kuingia katika nyumba za watu bila kubisha hodi, nayo ni madaftari ya wanafunzi. Tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kuandika juu ya chakula cha jana nyumbani kwao: nani alipika, nani alikuwapo, mlizungumza nini. Wengi waliandika kwa kirefu juu ya mapishi, lakini juu ya mazungumzo waliandika mstari mmoja, au hawakuandika kitu. Msichana mmoja aliandika kwamba huwapakulia kaka zake, huosha sahani zao, kisha hukwangua ukoko wa sufuria pamoja na mama yake gizani. Aliyaandika hayo pasipo kulalamika, kama mtu anayeandika kwamba mvua ilinyesha.

Mvulana mwingine aliandika kwamba baba yake hali nyumbani kwa sababu hawapendi. Twamfahamu baba huyo. Huendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni hana budi kumpelekea mwenye chombo fedha yake kabla ya kuhesabu ya kwake. Siku nyingi hesabu hiyo haimbakishii kitu. Tulipokutana naye tulimwuliza kwa upole, naye alikaa kimya, halafu alisema: “Mwalimu, ukiwa na vipande vitano vya muhogo na watoto watano, baba atakaa wapi?” Kumbe huondoka nyumbani wakati wa chakula kusudi watoto wasione kwamba yeye hana sehemu! Huzunguka mpaka karibu na kivuko cha mto, akanywa maji, akarudi wamelala. Mkewe huwaambia watoto kwamba baba amekula mjini. Nao watoto, wakikaa na njaa yao ndogo, huwaza kwamba baba anakula nyama mahali pengine.

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo mahali penyewe. Baba yule anawapenda watoto wake mpaka kuacha chakula chake kwa ajili yao, na watoto wake wanajifunza kumchukia kwa sababu ya pendo lilelile. Kilichokiacha kiti chake kitupu si njaa tu. Ni aibu. Na kumbukeni tulivyosema juu ya baraza la wazee: pale umaskini wa mtu mmoja ulifunikwa na sahani za wenzake. Sisi tumejenga kuta, kila mtu ana mlango wake, na umaskini wa kila mtu waonekana wazi machoni pa watoto wake. Katika mji wa Kinshasa kuna jamaa zinazokula kwa zamu, leo hawa, kesho wale. Watu wameuita mpango huo délestage, neno la Kifaransa linalotumika kwa kukata umeme mtaa kwa mtaa. Huku kwetu hatuhitaji neno la umeme. Twasema tu, “Nimekula mjini,” na wote wanajua maana yake isipokuwa watoto.

Ziko na sababu nyingine. Tangu mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali imekuwa bila malipo; madarasa yamejaa, na shule nyingi zina zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, hata ndugu wawili wa tumbo moja hawaonani mchana kutwa. Mama amekuwa mchumi wa nyumba: huamka kabla ya alfajiri kwenda kungoja mitumbwi itokayo Alunguli na mizigo ya muhogo na ndizi, apate kuuza tena sokoni. Vijana wanaosukuma baiskeli za mizigo hulala njiani siku nyingi. Wote hawa wanatafuta kitu cha kutia chunguni. Hatuwezi kuwalaumu kwamba hawapo mezani, kama wanaitafuta meza yenyewe.

Lakini simu je? Na televisheni ya jirani? Hapo hatuna haja ya kutafuta udhuru. Yule baba wa pikipiki hayupo nyumbani kwa sababu ya aibu. Lakini wako wanaume walio na mshahara, na vijana wenye shibe, waketio mbele ya chakula pamoja na jamaa zao wala hawapo. Macho yao yako Kinshasa, au Ulaya, au katika mpira. Ukimwita mara tatu ndipo huitika. Njaa imemfukuza mmoja mezani; mwingine amejifukuza mwenyewe.

Yezu mezani

Tukifungua Injili twaona kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alipenda sana kula pamoja na watu. Alikwenda arusini Kana. Alijialika kwa Zakeo, mtu ambaye wenyeji wa Yeriko hawakutaka kuingia kwake. Adui zake walimsingizia kuwa mlafi kwa sababu alikula pamoja na wakosefu. Wale wanafunzi wawili wa Emau walitembea naye njia nzima wasimjue, wakamtambua katika kuumega mkate. Na baada ya kufufuka, alipotaka kumwinua Petro aliyemkana, hakuanza kwa kumkemea. Kwanza alimwandalia samaki na mkate juu ya makaa, ufukoni mwa ziwa. Sisi watu wa mtoni twaielewa harufu ya asubuhi ile.

Mtume Paulo naye alipowaandikia Wakristu wa Korinto aliwalaumu kwa sauti kali, si kwa kuwa hawakusali, bali kwa namna ya kula kwao. Kila mmoja alikimbilia chakula chake mwenyewe, mmoja akakaa na njaa huku mwingine amelewa, na wasio na kitu wakatahayari. Mtume aliona kwamba jambo hilo linaugusa Mwili wa Bwana. Dawa aliyowapa ilikuwa fupi: wangojane. Hakuwaagiza wapike vyakula vingi zaidi. Aliwaagiza wangojane.

Maaskofu walipokutana Roma mwaka 1994 kwa sinodi ya Afrika, waliliita Kanisa la bara letu jamaa ya Mungu. Ni jina zuri sana. Lakini mtoto asiyejua jamaa ni nini mezani kwao, atajuaje maana ya jina hilo kanisani? Na Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, katika katekesi yake ya tarehe 11 Novemba 2015 alifundisha kwamba kula pamoja ni kipimo cha afya ya jamaa: wasipokula pamoja, au wakila huku kila mtu ametazama chombo chake, nyumba yao hufanana na nyumba ya wapangaji kuliko jamaa. Aliwakumbusha pia watu wa nchi tajiri juu ya walio na njaa. Hayo mawili huenda pamoja. Mtu hawezi kuipenda meza yake kwa kweli kama hajali kwamba meza ya jirani ni tupu.

Tufanye nini?

Hatutaki kuwatwika mzigo usiobebeka. Twajua nyumba ambazo hazina meza, wala viti, wala chakula cha kila siku. Basi haya ni machache, na kila mtu achague analoliweza.

Kwanza, iwepo angalau saa moja katika juma. Kama siku sita zimetutawanya, dominika itukusanye. Baada ya Misa, jamaa yote ingojane, hata kama chakula ni lituma bila samaki.

Pili, baba aketi. Twasema na wewe, ndugu mwenye mikono mitupu. Watoto wako wanahitaji muhogo, kweli. Lakini wanakuhitaji na wewe. Keti pamoja nao, chukua kipande kidogo kama kidole, uwaulize walijifunza nini shuleni. Wakikuona unakula kidogo, watajua kwamba unawapenda. Wasipokuona kabisa, hawatajua kitu. Baba yule wa pikipiki amekwisha kujaribu. Alituambia kwamba usiku wa kwanza mtoto wake mkubwa alimegua sehemu yake akamwekea baba mkononi, na kwamba yeye alishindwa kumeza kwa muda mrefu, wala si kwa sababu muhogo ulikuwa mkavu.

Tatu, mama na mabinti wale pamoja na wote, kutoka sahani moja na kwa wakati mmoja. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kuhudumu mezani kwa zamu, kila mmoja kwa juma lake, na mmoja wetu kusoma kitabu wenzake wanapokula. Desturi hiyo yatoka katika kanuni ya Mtakatifu Benedikto wa karne ya 6, naye hakuona kwamba kuhudumu kunampunguzia mwanamume heshima. Basi, enyi vijana, kuosha sufuria hakutawaondolea ndevu.

Nne, asiyekuwapo kwa sababu ya kazi awekewe sehemu yake, ifunikwe vizuri, na jina lake litajwe katika sala. Sahani iliyofunikwa ni namna ya kumngojea mtu. Na akirudi, mmoja wa nyumba akae karibu naye anapokula, japo usingizi umemshika.

Tano, simu zilale. Ziwekwe pamoja juu ya kabati mpaka sala ya shukrani imalizike, na baba aanze na ya kwake.

Sita, tuutafute tena wema wa baraza. Jumuiya zetu ndogo za Kikristu hukutana kila juma kusoma Neno la Mungu. Mara moja moja, je, haziwezi kukutana na vyungu vyao? Kila nyumba ilete ilicho nacho, wenye sombe walete sombe, wenye wali walete wali, mwenye chumvi tu alete chumvi. Viwekwe pamoja pasipo kuhesabu. Hapo ndipo mjane na mwendesha pikipiki watakapokula bila aibu, na watoto wao hawatatambua ni sahani ipi iliyotoka kwao.

Wapenzi wasomaji, vyakula vyetu vitabadilika tena, kama vilivyobadilika mbele ya macho ya babu zetu. Huenda wajukuu wetu watakula vitu ambavyo sisi hatuvijui majina. Hilo lisituogopeshe. Tuwarithishe tu desturi moja ambayo haihitaji fedha nyingi: mtu asianze kabla wenzake hawajaketi. Mungu abariki vyungu vyenu, navyo vikiwa vidogo, abariki mikono inayovizunguka.